Mama Geji na Mipira Miwili ya Hewa

Karakana ya Mama Geji ina milango miwili ya mabati na sakafu ya saruji iliyokunywa oili hadi haishiki vumbi tena. Mimi nauza matairi duka la jirani. Ukuta kati yetu ni mwembamba, kwa hiyo miaka kumi na moja nimesikia kila gari lililopita mikononi mwake na kila neno lililosemwa juu ya gari hilo. Jina hilo si la mtoto wake. Wateja ndio waliompa, maana hawezi kuongea na mwenye gari la turbo kabla ya kumuuliza, "Geji yako ya presha inasoma ngapi?" Ukisema hujui, anakutazama kama mgonjwa asiyejua anaumwa wapi.

Alianzia kwenye malori, mwanamke peke yake kati ya wanaume kumi na wanne. Walimpa kazi ya kuosha vyuma kwa mafuta ya taa wakidhani atachoka. Hakuchoka. Miaka sita baadaye wao wenyewe walikuwa wakimwita kila lori lilipoishiwa nguvu mlimani. Kisha akafungua karakana na kaka yake. Kaka anashughulika na breki, klachi na midomo ya wateja. Turbo ni za dada.

Turbo ni feni inayozungushwa na moshi wa injini, nayo husukuma hewa ndani ili injini ichome mafuta mengi zaidi. Hewa ikizidi, injini hupasuka. Ndiyo maana kuna kilango kidogo ambacho mafundi wanakiita westigeti. Presha ikifika ilipopangwa, kilango hufunguka, moshi ukapita pembeni na feni ikapungua kasi. Kazi ya Mama Geji ni kukifundisha kilango hicho lini kifunguke.

Jumanne moja asubuhi alikuja mfamasia, koti lake jeupe bado mwilini, na gari la spoti la bluu la milango miwili. Alikuwa amelinunua likiwa limeshachezewa na fundi mwingine. Lilikuwa na turbo kubwa, ekzosi pana ya kutolea moshi, na chini ya boneti skrubu ya mkono ya kuongezea presha.

"Asubuhi linakwenda vizuri, mchana linakohoa, na jana limenirusha mpaka nikapiga kelele peke yangu," alisema.

"Geji inasoma ngapi?"

"Wakati mwingine baa moja, wakati mwingine moja na nusu. Mwanzoni nilidhani ni baa ya kunywea."

Mama Geji hakucheka. Kichwa kilikuwa tayari chini ya boneti.

Wakakubaliana aitoe ile skrubu na kufunga valvu ya umeme, ili kompyuta ya gari ndiyo iamue. Aligundua pia kwamba fundi wa kwanza alikuwa amezima kinga, ile inayokata mafuta presha ikipita kiasi. "Hiyo nitairudisha tukishajaribu," alimwambia kaka yake. Nilimsikia kwa masikio yangu.

Alhamisi alikuwa anamalizia. Mkononi alikuwa na mipira miwili ya hewa, mmoja unaoleta presha kutoka kwenye turbo na mwingine unaoipeleka kwenye westigeti. Vichwa vya kuchomekea mipira kwenye ile valvu mpya vinafanana kama mapacha. Simu ikalia. Alikuwa mkwewe.

"Mama, tumefika hospitali. Uchungu umeshaanza."

Mjukuu wa kwanza! Aliuliza maswali kumi kwa pumzi moja, akakata simu, akabaki anatabasamu na spana mkononi. Kaka yake akamwambia, "Nenda bwana, gari halizai."

"Nusu saa tu, Kaka. Daktari mwenye gari ameomba ruhusa kazini kwa ajili ya leo."

Akabana mipira, akafunga boneti.

Walikwenda barabara ya nyuma ya maghala. Imenyooka, na mchana ule haikuwa na mtu. Mama Geji aliendesha. Mfamasia alikaa pembeni na kompyuta mapajani, amsomee presha. Ilikuwa imepangwa isivuke sifuri nukta tisa.

"Nukta tano," alisoma. "Nukta nane. Moja. Fundi, moja na..."

Namba zilikimbia kuliko ulimi wake. Mama Geji alikuwa ameshatoa mguu kwenye mafuta, lakini injini ilikwisha kutoa mlio kama wa kokoto ndani ya kopo. Gari likaanza kutetemeka, na kwenye kioo cha nyuma moshi wa bluu ukaifunika barabara.

Akasimamisha, akafungua boneti, akafuata mipira kwa kidole. Aliniambia baadaye kwamba haikumchukua hata dakika. Mipira ilikuwa imepishana. Presha haikukifikia kilango, nacho kikabaki kimefungwa huku turbo ikijaza hewa bila wa kuizuia.

Mfamasia alikuwa amesimama upande wa pili, rangi imemtoka. "Yule fundi wa kwanza amenimaliza, sivyo?"

"Tulivute kwanza mpaka karakana," alijibu.

Kaka mtu alipima injini akakuta silinda ya tatu haina nguvu kabisa. Pistoni imepasuka. Ndugu hao wakaingia stoo, na mimi, Mungu anisamehe, nikaacha kupanga matairi nisikilize.

"Mwenyewe ameshasema ni yule wa kwanza," kaka alinong'ona. "Wewe umeulizwa nini? Na kinga ya mafuta nani aliizima, si yeye?"

"Aliizima yeye. Mipira nimefunga mimi."

"Nani ameona?"

"Mimi nimeona."

"Utatufungisha milango, we mwanamke! Watu wakisikia Mama Geji kavunja injini, nani ataleta gari hapa?"

"Kaka, sogea nipite."

Mfamasia alikuwa ameketi juu ya matairi yangu. Mama Geji akasimama mbele yake, mikono imeshika kitambaa kilichojaa grisi.

"Daktari, gari lako nimeliharibu mimi. Mipira hii nimeipishanisha. Na ile kinga nilipaswa kuirudisha kabla ya kujaribu, nikaiacha. Nitaifungua injini na kuijenga upya, yote juu yangu. Ukitaka kulipeleka kwingine, nitakuandikia kosa liko wapi ili wasihangaike kulitafuta."

Simu hakuitaja. Wala hospitali.

Mfamasia alivua miwani, akaivaa tena. "Tungeweza kufa pale."

"Tungeweza."

Akaondoka bila kuaga. Mama Geji alinawa mikono mara tatu, akaenda hospitali. Alimkuta mjukuu, msichana, amezaliwa saa moja iliyopita. Alimbeba akalia mpaka muuguzi akamletea kiti. Binti yake akadhani ni furaha tu, naye hakumsahihisha.

Siku tatu gari lilikaa pale limefunikwa turubai. Kaka na dada walifanya kazi kama wapangaji waliogombana, wakipeana spana bila kutazamana. Siku ya nne mfamasia akarudi. Aliketi palepale, juu ya matairi yangu.

"Fundi, mwaka wangu wa pili kazini nilimpa mama mmoja chupa ya mtu mwingine. Dawa ya moyo, na yeye alikuwa na mtoto mwenye kikohozi. Nilipotambua alikuwa ameshavuka barabara. Nilimkimbilia na koti langu hili, mtaa mzima unanitazama. Nikamnyang'anya ile chupa. Mpaka leo sijamwambia mtu kwa nini nilikimbia. Nilimwambia yule mama kwamba amesahau chenji yake."

Mama Geji aliweka spana chini.

"Wewe ungeweza kuniambia nimesahau chenji," mfamasia alisema. "Lijenge hapahapa. Ila nataka kuona unavyofanya."

Basi ikawa kila Jumamosi mfamasia anakuja, anashika taa, anauliza maswali mpaka kaka mtu anakimbilia dukani kwangu kupumzika. Ni katika siku hizo alipojua habari za ile simu, tena kwa binti mwenyewe aliyeleta kichanga kionekane na mafundi. "Kumbe ni siku ileile?" aliuliza. Mama Geji akajifanya anatafuta bolti.

Injini ilipokuwa mezani waligundua jambo jingine. Kwa ekzosi pana namna ile, tundu la westigeti lilikuwa dogo. Hata mipira ingefungwa sawasawa, presha ingeendelea kupanda taratibu mwendo ukikolea. Mama Geji alilipanua kwa mkono, kidogokidogo, akipima kila baada ya dakika chache, siku mbili nzima. Mipira akaipaka rangi za kucha za binti yake, mwekundu wa kuleta, mweupe wa kupeleka. Kinga akairudisha siku ya kwanza, kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Wiki ya tisa walirudi barabara ya maghala. Safari hii kaka alikwenda pia, akajibana kwenye kiti cha nyuma kisichotosha hata mtoto. Mama Geji akakanyaga mafuta. Gari likavuta mpaka mgongo wa mfamasia ukagandamana na kiti.

"Nukta saba," alisoma. "Nukta tisa. Nukta tisa. Tisa. Fundi, kompyuta imekwama?"

"Haijakwama. Imetulia."

Nyuma wakasikia kaka mtu akicheka, kicheko kirefu cha mtu aliyezuia pumzi wiki tisa. Waliporudi, ni yeye aliyeanza kuwasimulia wateja habari nzima, mwanzo hadi mwisho, kwa sauti ya kupita ukuta. Hata pale alipomwambia dada yake anyamaze hakuparuka, ingawa hapo aliharakisha kidogo.