Stima Iliyochafuka Gatitu

Nilipohamishia kazi yangu Gatitu, karibu na Nyeri, nilikuwa nikidarizi nembo za sweta za shule. Mashine yangu ina kompyuta ndani: unaipa mchoro, inashona yenyewe. Mlango wa pili palikuwa na mashine ya posho ya mama mzee ambaye mtaa mzima tulimwita Cucu, yaani nyanya. Alinipa unga wa uji, nami nikamshonea mapazia.

Kisha Cucu akanunua mota mpya, yenye kisanduku cha kuongoza mwendo ili isianze kwa kishindo. Tangu siku hiyo, kila alipomimina mahindi, taa zangu zilipepesa na mashine ikazimika katikati ya mshono. Nikiiwasha, inaendelea mahali si pake. Simba wa nembo ya shule moja ya Kiganjo alitoka na macho yote mawili juu ya sikio. Nilifumua kwa wembe mpaka vidole vikauma, na sweta ikabaki matundu.

Nikaita watu wa stima. Fundi wao akachomeka kipimo ukutani.

“Mama, stima yako iko sawa kabisa.”

“Kama iko sawa, mbona mashine inazimika?”

“Labda mashine ndiyo mbovu.”

Nikaibeba mpaka Nyeri mjini kwa aliyeniuzia. Ikashona kwake kutwa nzima bila kosa. Nikairudisha Gatitu, kabla ya chakula cha mchana ilikuwa imezimika tena. Nikawaita tena watu wa stima. Akaja mwingine, akapima vilevile, akaniuliza, “Sasa unataka tukuletee stima gani ingine?” Alipoondoka nilifunga mlango nikalia kwa hasira.

Nikamwendea Cucu, nikamweleza kuwa mashine yangu huzimika kila anaposaga.

“Ati mashine yangu inaiba stima yako?” akauliza.

“Si kuiba, Cucu. Inaichafua.”

“Stima haina matope, mwanangu.”

Akanigeuzia mgongo. Salamu zikaisha, na uji ukaisha.

Mwishowe nilimpigia shemeji yangu, ndugu ya mume wangu, anayetunza mota katika kiwanda cha majani chai upande wa Kerugoya. Alikuja Jumamosi na kipimo chenye kioo. Alimsalimu Cucu kwa heshima, akamwomba azime mashine, kisha aiwashe. Ilipozimwa, kioo kilionyesha wimbi la stima likipanda na kushuka, laini. Ilipowashwa, wimbi likakatika meno kama msumeno.

“Wale walipima wingi wa stima,” shemeji akasema. “Hawakupima umbo lake. Kisanduku hiki kinavuta stima kwa vipande, hakivuti taratibu. Na waya za hapa ni nyembamba, transfoma iko mbali. Kwa hivyo wimbi likiharibika, linaharibikia kila mtu kwa laini hii.”

Cucu akanyoosha kidole kwenye bucha ya jirani.

“Hata friji ya bucha inayonguruma?”

“Yaweza kuwa hata hiyo, Cucu.”

“Na mbona aliyeniuzia hakuniambia?”

Angalau hasira yake ilikuwa imepata njia nyingine. Jumatatu alifunga mashine, akajitanda leso, akaenda mwenyewe kwa muuzaji. Sijui alimwambia nini. Wiki hiyo hiyo mafundi wake walikuja kufunga koili nzito ya kulainisha wimbi mbele ya kisanduku, kitu ambacho shemeji alisema kilipaswa kuwepo tangu mwanzo. Cucu akasaga gunia zima, nami nikashona nembo nzima bila uzi hata mmoja kupotea. Alichungulia mlangoni, kichwa chote unga, akauliza, “Imekubali?” Nikamwambia imekubali, akarudi kazini.

Wateja wengine walikuwa wameshakwenda kwingine. Juzi mama mmoja wa kanisani aliniuliza kwa nini kazi yangu ililala vile. Nikaanza kumweleza habari za mawimbi na koili. Akanitazama kama anayesikiliza mgonjwa wa homa akiweweseka. Nikaacha, nikamuuliza kama kwao mvua imenyesha.