Dobrinka na mikate ambayo hakuna anayetaka kuitupa

Saa kumi na moja na robo alfajiri, lori la taka za jikoni linasimama mbele ya nyumba namba 14, Mtaa wa Wafinyanzi, na Dobrinka Paunović anashuka kutoka nyuma yake akiwa tayari amekasirika. Hajalifikia pipa la kahawia, lakini ameshauona mfuko.

Ni mfuko mweupe wa plastiki, umefungwa mafundo mawili na kutundikwa kwenye msumari wa uzio, juu kidogo ya pipa. Ndani mna nusu mkate na vipande viwili vilivyokauka. Mvua ya jana imeingia na mkate umevimba.

"Leo ni siku ya tatu uko hapo," ananiambia mimi, mwandishi niliyefuatana naye zamu hii. "Mtu yuleyule. Fundo lake nalijua."

Anafungua pipa. Ni Septemba, mji mzima unachoma pilipili hoho za akiba ya majira ya baridi, na pipa limejaa maganda meusi yanayonata. Analisukuma hadi kwenye mikono ya lori, linanyanyuliwa, linamwagwa, linarudishwa chini. Mfuko unabaki ukining'inia. Haugusi. Amekatazwa, na safari hii kuugusa kunaweza kumtoa kazini.

Huku kwetu mkate hautupwi. Ukianguka unaokotwa, unabusiwa, unarudishwa mezani. Ukikauka unatiwa mfukoni na kutundikwa nje karibu na pipa, ili mwenye kuku au mwenye njaa auchukue. Niseme ukweli, hata nyumbani kwangu tunafanya hivyo, na sikuwahi kujiuliza mkate ule unaenda wapi. Unaenda kwa Dobrinka.

Ana umri wa miaka hamsini na mitatu na anaishi na mama yake mgonjwa. Kiwanda cha soksi alichoanzia kazi kilifungwa, akafagia barabara za mji huu kwa miaka kumi na tisa. Mapipa ya kahawia yalipogawiwa mwaka juzi, yeye ndiye aliyepita kwenye kaya mia tatu na arobaini akiwaeleza watu kwamba humo yanaingia maganda, mabaki ya chakula na majani ya bustani, na kwamba plastiki haiingii hata kipande, kwa sababu taka hizo zinageuzwa mboji na mboji inarudi kwenye bustani zao wenyewe.

Kuhusu mkate alikuwa na utaratibu wake. Alifunga gunia la unga nyuma ya lori. Kila alipokuta mfuko uzioni aliufungua, mkate guniani, plastiki pembeni. Zamu ilipoisha, Mzee Stamen, mfugaji wa nguruwe wawili, alimngoja darajani na baiskeli yake.

"Nusu dakika kwa kila nyumba," anasema Dobrinka. "Hakuna aliyelalamika. Nguruwe wa Stamen walinenepa kuliko diwani."

Kisha kazi ya kuzoa taka ikapewa kampuni, na kampuni ikaja na msimamizi, Bwana Vidoje, na msimamizi akaja na barua.

Barua ya kwanza ilimfikia Januari. Ilisema amegawa mali ya kampuni kwa mtu wa nje. Mali yenyewe ilikuwa mkate mkavu wa watu. Akaamriwa kila kitu kiingie lorini, na alipouliza kuhusu mifuko akajibiwa kwamba muda wa kufungua mafundo haupo. Akatii. Mikate ikaingia lorini na mifuko yake.

Barua ya pili ilimfikia Juni. Kiwanda cha mboji kilikuwa kimekataa shehena nzima kwa sababu ya plastiki, na barua iliambatanishwa na picha: mfuko mweupe, mafundo mawili, mkate ndani.

"Nilipoutoa mfuko nilikuwa mwizi," anasema, na sauti inampanda. "Nilipoacha kuutoa nikawa mzembe. Picha wamepiga ya mfuko, jina wakaandika langu."

Sasa kuna amri mpya: kilichotundikwa nje ya pipa kisichukuliwe kabisa. Kwa hiyo mikate inabaki uzioni, inaota ukungu, mbwa wanairarua, na wenye nyumba wanapiga simu kwa kampuni kulalamika kwamba mzoa taka ni mvivu. Simu zimeshapigwa mbili. Jumatatu ameitwa ofisini. Barua ya tatu ni ya kufukuzwa.

Mshahara wake ni dinari elfu sitini na moja kwa mwezi, na kuni za majira ya baridi bado hajanunua. "Kwa umri huu nani ataniajiri?" anauliza. Zvezdan, dereva wake, anajibu kutoka dirishani: "Stamen. Atakuweka pamoja na nguruwe." Anacheka peke yake.

Mlango wa namba 14 unafunguliwa. Bibi Leposava, mwenye umri wa miaka themanini na mmoja, anatoka na sweta lake juu ya gauni la kulalia.

"Dobrinka mwanangu, mkate wangu unanitazama siku ya tatu."

"Utie kwenye pipa, bibi. Bila mfuko. Pipa ni lako."

"Nitupe mkate? Mama yangu alitulisha mkate wa pumba wakati wa vita, halafu mimi niuchanganye na maganda ya pilipili? Mungu apishe mbali."

"Sasa nani autupe?"

"Wewe. Si ndiyo kazi yako?"

Zvezdan anapiga honi, Dobrinka anampungia mkono asubiri.

"Bibi, ni wewe uliyepiga simu?"

"Nilipiga, ndiyo. Lakini sikukutaja jina. Nilisema tu yule mwanamke wa nyuma ya lori."

Mwanamke wa nyuma ya lori katika mji huu ni mmoja tu. Dobrinka alichezea uani kwa bibi huyu akiwa mtoto. Anamwangalia, kisha anasema polepole, bila kupaza sauti, na mimi nikaona ni afadhali angepiga kelele.

"Nyote mnaogopa dhambi. Mnaitia kwenye mfuko, mnaifunga mafundo mawili, mnaitundika hapa ili niibebe mimi. Nyumba mia tatu na arobaini, bibi. Nimewatupia mikate yenu miezi yote hii ili nyinyi mlale vizuri. Na mimi nimelelewa na mama aliyenifundisha kuubusu kama ulivyofundishwa wewe."

"Sikulifikiria hilo," anasema Bibi Leposava.

"Najua."

Anapanda lori. Bibi anabaki kwenye uzio, ameushika mfuko wake, hajui auweke wapi.

Siku hiyohiyo mchana nilikwenda kwa Bwana Vidoje. Ni mtu wa miaka arobaini hivi, mpole, meza yake safi. Alinieleza kwamba sheria ni sheria, na kwamba wananchi waelimishwe watie mkate kwenye pipa kama taka nyingine. "Mkate mkavu ni taka ya jikoni," alisema. "Haya mengine ni ushamba tu."

Nilipotoka nilipita karibu na mapipa ya ofisi. Kwenye komeo la lango ulikuwa umetundikwa mfuko wa duka la mikate, umefungwa vizuri. Nilimuuliza bawabu ni wa nani.

"Wa bosi," alisema. "Kila Ijumaa huleta wa nyumbani kwao. Huniambia nimtafutie mwenye kuku."

Nilimpigia Dobrinka simu nikamweleza. Akasema, "Mwambie bawabu asimpe mtu mfuko huo."

Jumatatu saa mbili aliingia ofisini na sare yake ya kazi, mfuko ule mkononi. Mimi niliketi kwenye benchi la ukumbini, mlango ukaachwa wazi. Msimamizi alikuwa na barua mbele yake, imeshachapwa, imebaki sahihi.

Dobrinka hakuketi. Aliufungua mfuko, akautoa mkate, akauweka juu ya barua.

"Huu ni wako," alisema. "Pipa la kahawia liko pale chini. Nenda ukautupe, bila mfuko, kama unavyotaka niwafundishe wengine. Ukirudi utie sahihi. Na mimi nitatia yangu."

"Bi Paunović, hatuko hapa kwa michezo."

"Sichezi. Nakusubiri."

Bwana Vidoje aliutazama mkate. Aliunyanyua kwa mikono miwili, kama mtu anavyonyanyua mkate, akatazama huku na huku. Kikapu cha taka kilikuwa karibu na goti lake. Hatimaye alisimama, akauweka juu ya kabati la mafaili, akapangusa makombo kwenye barua na kusema kikao kimeahirishwa hadi Ijumaa.

Nje, Dobrinka hakuchekelea. Hajashinda chochote, na analijua hilo. Barua bado iko mezani. Nyumbani ameshashona gunia jipya la turubai, na Zvezdan amempa ndoano kuukuu ya kulitundikia nyuma ya lori, kampuni ikikubali.

"Sitaki wanisifu," aliniambia akivaa glavu, kwa kuwa zamu ya pili ilikuwa inamngoja. "Nataka ndoano moja na gunia moja. Na kama Ijumaa wataamua kunifukuza, sawa. Lakini anifukuze mtu ambaye ameshautupa mkate wake mwenyewe, kwa mkono wake."