Hodi Tatu kwenye Mto Jukskei

Kisiwa chenyewe, nikisema ukweli wote, ni kidogo kuliko ua wa shule. Kimekaa katikati ya mto Jukskei, ndani ya bustani moja ya watu wote kaskazini mwa Johannesburg, na majira ya baridi maji yakipungua unakifikia kwa kukanyaga mawe sita. Mimi nilikisifia kwa miaka kumi na tisa bila kukikanyaga hata siku moja.

Mama yangu ni mtu wa kisiwa cha Tumbatu. Mtu wa Tumbatu ukimwambia unahamia mahali pasipo na bahari, anakutazama kama umemwambia unahamia mahali pasipo na hewa. Siku niliyomuaga aliniuliza, "Huko hata kisiwa hakuna?" Wiki yangu ya pili hapa teksi ilipita darajani, nikaona kipande cha ardhi kimezungukwa na maji, na juu yake mti na ukuta wa mawe. Jioni ile ile nikampigia simu. "Mama, kisiwa kipo!" Tangu hapo kila tukizungumza aliuliza habari za kisiwa, nami nikawa nakikuza kidogo kidogo ili asihuzunike. Kufikia mwaka wa tatu kilikuwa na minazi.

Agosti iliyopita akaja kututembelea kwa mara ya kwanza, wiki tatu, na mkoba mmoja wa nguo na mwingine wenye mbuzi ya kukunia nazi, ambayo hadi leo sijui aliipitishaje uwanja wa ndege. Hakuficha alichofuata. "Nimekuja kumsikia mjukuu wangu," alisema, "na kukiona kisiwa chako." Kwa mpangilio huo huo.

Kuhusu kisiwa nilikuwa na wasiwasi kidogo. Kuhusu mjukuu nilikuwa na wasiwasi mkubwa. Binti yangu ana miaka kumi na miwili, amezaliwa hapa, anasema Kizulu na mama yake na Kiingereza na dunia nzima. Kiswahili anakielewa chote, pamoja na umbea ninaoupiga kwenye simu nikidhani hayumo chumbani. Lakini mdomoni hakimtoki. Miaka yote bibi yake alipopiga simu nilimpa, naye alisikiliza, akaitikia kwa kutikisa kichwa, kwenye simu, kisha akanirudishia. "Nasikia pumzi zake tu," mama alikuwa akiniambia.

Nami kwa jambo hilo nilikuwa na kisa changu cha kuchekesha. Idi moja, mtoto akiwa na miaka sita, nilialika wenzangu wa Tanga na Dar es Salaam. Wiki nzima nilimfundisha: wageni wakipiga hodi, wewe ndiye mwenyeji, unawaitikia karibu. Wakafika, wakapiga hodi mlangoni. Mtoto akasimama na gauni lake jipya, akavuta pumzi, akajibu kwa sauti kubwa, "Hodi!" Wale wa nje wakadhani hawajasikiwa, wakapiga tena. Na ndani tena, "Hodi!" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikawafungulia wageni, nikawahadithia, nikamwambia mtoto arudie wamsikie. Toka siku ile nikamwita Bi Hodi, na kisa hicho nimekisimulia kwenye kila harusi, na kwenye hitima moja au mbili zisizokuwa na huzuni sana. Mama nilimsimulia kwa simu siku ile ile.

Wiki mbili na ushei zikapita. Bibi na mjukuu walikuna nazi pamoja, walisukana nywele, walichekea mambo ambayo mimi sikuyaona. Lakini kila bibi aliposema, mtoto alitikisa kichwa. Ijumaa, akikunja khanga zake na kuzipanga mkobani, mama aliniambia, "Keshokutwa naondoka. Wataniuliza kule, mjukuu wako ana sauti gani? Nitawajibu nini mie?"

Nikamfanyia mzaha, nikamwambia awajibu ana sauti ya king'ora cha gari. Hakucheka. Nimezoea kwamba mama hucheka hata mzaha wangu mbovu, na kule kutocheka kwake kuliniuma.

Jumamosi asubuhi mke wangu alikuwa kazini. Nikaazima gari la jirani, tukaenda kisiwani sisi watatu. Langoni alikuwepo mlinzi, Mkongo wa Bukavu, ambaye aliposikia tunavyozungumza alinyanyuka kitini kama amepigiwa simu na ndugu yake.

"Aa, mama! Karibu sana! Munatoka wapi?"

Mama akampa salamu ndefu ya kwao, ile isiyomruka mtu yeyote nyumbani kwako. Mlinzi akaijibu yote, kisha akatuonyesha njia. "Iko kule tu, nyuma ya miti. Lakini muchunge, mama, mawe iko inateleza sana."

Tulipompita mama akaninong'oneza, "Kiswahili chake cha milimani, lakini mdomoni kinamtoka."

Ukingoni akasimama, akakitazama kisiwa changu. Nyasi zilikuwa zimekauka zikawa rangi ya mkate. Palikuwa na mti ulioinamisha matawi yake majini, mfuko wa plastiki umenasa kwenye tawi la chini, na nyuma yake ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji, kimo cha kiuno. Ng'ambo ya pili ya mto watu wa kanisa waliovaa kanzu nyeupe walikuwa wakiimba.

"Minazi iko wapi?" mama aliuliza.

"Imekatwa."

"Khaa!" akasema, na hapo akacheka kwa mara ya kwanza tangu jana yake.

Binti yangu alikuwa ameshavuka zamani. Aliruka mawe sita bila kutazama chini, na kumbe anayajua: darasa lao liliwahi kuletwa pale kuokota taka, wakaambiwa habari za ule ukuta. Aliwahi kumsimulia mama yake kwa Kizulu, nami nikadokoa. Kwamba wafugaji wa ng'ombe waliujenga zamani sana, kabla jiji halijaota, na kwamba watu waliokuja baadaye walichukua baadhi ya mawe wakajengea kinu cha maji. Yeye ameshafika mara mbili. Mimi, mwenye kisiwa, sikuwahi kulowesha hata kidole.

Nikamshika mama mkono tuvuke. Akauvuta mkono wake. Alikuwa ameuona ukuta. Kijijini kwao Jongowe, kule Tumbatu, yako magofu ya watu wa kale, na mama amelelewa kwamba gofu haliingiwi hivi hivi, kwa kuwa lina wenyewe. Mtu wa mji hutangulia ndani. Mgeni husimama nje akapiga hodi, na akiitikiwa huingia. Akipiga mara tatu asiitikiwe hurudi alikotoka, tena bila kununa, kama ilivyo kwa nyumba ya jirani yeyote.

"Basi nitakuitikia mimi," nikasema.

"Wewe umesimama nje na mie. Mgeni hujikaribisha mwenyewe?"

Akajitanda khanga yake vizuri, akaita, "Hodi!"

Sauti ilipita juu ya maji. Binti yangu, aliyekuwa amekaa juu ya ukuta, akageuka, akasimama. Hapo ndipo nilipotambua kwamba kisiwa kizima kilikuwa na mtu mmoja tu wa kuitikia, na neno linalotakiwa ni lile lile lililomshinda siku ya Idi. Mdomo wangu ulishafunguka. Ulishajaa mzaha, haya Bi Hodi, leo utasemaje? Nikamwona anavyotazama. Hakuwa akimtazama bibi yake. Alikuwa akinitazama mimi, anangoja nianze kucheka.

Uso ule niliuona siku ya Idi. Miaka sita nimeusimulia, sijawahi kuutazama. Nikafunga mdomo, nikageuka, nikajifanya nawaangalia watu wa kanisa.

"Hodi!" Ya pili. Wale ng'ambo wakamaliza wimbo wao, pakawa kimya. Nilimwomba Mungu kwa dhati, mimi ambaye huwa namwombea timu ya mpira tu.

"Hodi." Ya tatu ilikuwa ya chini, ya mtu aliyekwisha kugeuza unyayo.

"Karibu, Bibi."

Nikageuka. Alikuwa ameshuka ukutani, amekuja hadi ukingo wa maji. "Karibu, pita. Jiwe la nne linateleza, kanyaga la pembeni."

Mama akavua makubadhi, akayashika mkononi, akavuka mawe sita huku akisema peke yake, "Nimesikia, nimesikia." Alipofika alimshika mjukuu wake mashavu kwa mikono miwili. "Kumbe sauti unayo, tena nzuri! Ulikuwa umeiweka wapi siku zote?"

"Baba ananicheka," mtoto akamwambia.

Mto ni mdogo, nililisikia kila neno. Nilibaki ukingoni na aibu yangu. Miaka yote nilikuwa nikiwaambia watu kwamba jiji limemnyang'anya mwanangu lugha, na jiji la watu halikuwa na hatia.

"Hodi!" nikaita.

Binti yangu akapanda tena juu ya ukuta, akavuta pumzi, akajibu kwa sauti kubwa, "Hodi!"

Mama akaziba mdomo kwa khanga.

"Hodi!" nikaita tena.

"Hodi!"

Walikuwa wakicheka wote wawili, wameegemeana. Mimi nilikuwa nimebakiwa na moja, na kwa sheria ya Tumbatu ikipotea hiyo ningewangoja garini. Sikuitumia hapo hapo. "Mwanangu," nikasema, "nisamehe. Wewe ulikuwa na miaka sita. Asiyekuwa na adabu siku ile nilikuwa mimi."

Akaniacha nisimame kwanza. Alikuwa na haki hiyo. Kisha nikaipiga ya mwisho, taratibu. "Hodi."

"Karibu, Baba."

Miaka kumi na tisa naishi katika jiji hili la mageti na nyaya za umeme juu ya kuta. Nimebonyeza kengele nyingi, na sauti ndani ya kisanduku imeniuliza nataka nini. Hakuna mwenyeji wa hapa aliyewahi kunikaribisha kwa lugha yangu. Nikavuka haraka, macho yamejaa, na jiwe la nne nikalisahau kabisa. Wakacheka mpaka wakakaa chini, nami nikiwa nimepiga magoti ndani ya maji ya Agosti nikawaacha wacheke washibe.