Goli Lililochimbwa

Sijawahi kulala vizuri kabla ya mechi, hata ya mazoezi. Nalisema mapema nisije nikaonekana shujaa. Nilikuwa kipa wa chuo chetu cha ualimu upande wa Tarime, miaka ile ambayo kila mwenye sururu alikimbilia machimboni, na msimu ninaousimulia ni ule tuliochukua kombe.

Hakuna aliyenifundisha kudaka. Nyumbani Natta kazi yangu ya jioni ilikuwa kusimama kwenye mlango wa zizi, nizuie ndama wasiwafikie mama zao kabla ya kukamua. Ndama anaweza kukudanganya kwa kichwa, lakini magoti yake husema ukweli. Chuoni nikawa natazama magoti ya washambuliaji. Mengine nilijifunza kwa kupiga mpira kwenye ukuta wa bwalo, mpaka mpishi akaniomba kwa heshima nimwachie usingizi wake wa mchana. Nikifungwa goli moja, nililirudia kichwani wiki nzima.

Uwanja wetu ulikuwa kokoto tupu. Mwanzo wa msimu tuliomba marudio, yaani mchanga unaobaki wachimbaji wakishasaga mawe na kuosha dhahabu yao, tukaumwaga golini kwangu pawe laini. Nikawa naruka bila kuchunika. Nyumbani hatukufungwa hata mara moja. Tukaingia fainali na timu ya machimboni, na ikapangwa tuchezee kwetu.

Wiki ya fainali, mama aliyekuwa akituuzia uji alichota karai moja la mchanga pale golini, akaenda kuuosha mtoni, akarudi na punje inayong'aa. Hatukuwa tumefikiria kwamba wachimbaji wanaosha kwa haraka na dhahabu nyingine inabaki. Tuliimwaga wenyewe, tukaikanyaga msimu mzima. Siku moja kabla ya mechi nikatoka darasani nikakuta golini kuna shimo la kufika kiunoni. Ndani yake walikuwemo majirani, wanachuo wenzangu, na beki wetu wa kushoto, anatoka jasho ambalo sikuwahi kuliona mazoezini.

Mwalimu wa michezo alikuwa ameshatueleza kanuni: uwanja usipochezeka, wageni wanapewa ushindi. Kwa hiyo kombe letu lilikuwa linaondoka kwa makarai, mchana kweupe.

Mimi si mtu wa ugomvi. Lakini niliingia shimoni nikakaa chini, katikati ya masepetu yao.

Nahodha alikuja kunitoa. Alikuwa kijana wa Sirari, ndiye aliyetuletea viatu kutoka kwa binamu zake ng'ambo ya mpaka.

"Mura, toka humo. Hawa watu watakuzika."

"Wanizike. Kesho mtacheza juu yangu, lakini goli litakuwepo."

Beki wa kushoto akaniomba nimwachie kona moja tu, ile ya mwisho. Nikamwambia kona hiyo ndiyo ninayoangukia.

Nahodha akavua shati, akashuka, akakaa ubavuni kwangu. Wengine wa timu wakafuata, hadi pakawa hapachimbiki. Beki alijiunga nasi wa mwisho, sepetu mkononi, akaanza kurudisha mchanga. Tulijaza shimo kwa marudio yaliyosalia na kokoto za kilimani, tukashindilia kwa miguu. Nilipobaki nasawazisha kwa kiganja, nahodha akaniuliza kama ninataka na kulipiga pasi.

Siku ya mechi timu ya wachimbaji ilikuja na lori, wanaimba. Mshambuliaji wao akapita karibu nami. "Mwalimu, chaki haidaki mpira." Majibu yangu huja kesho yake. Nahodha alitufungia bao kipindi cha kwanza. Karibu na mwisho wakapata penalti, na mpigaji akawa huyo huyo. Kichwa chake kilitazama kulia. Goti likageukia kushoto, kama ndama aliyemwona mama yake. Nikarukia ile kona. Kokoto zikanichuna kutoka nyonga hadi goti, na mpira ulikuwa wangu.

Filimbi ya mwisho ilipolia watu wakanikimbilia, wengine kunibeba, wengine na makarai yao. Nilikumbatia mlingoti, nikakataa kubebwa. Ikabidi kombe liletwe golini.

Walichimba baadaye, bila shaka. Shimo likawa kubwa, mvua ikalijaza, ng'ombe wakawa wanakunywa humo. Mpaka leo wapo wanaoniambia kwamba nilikalia utajiri kwa ajili ya kikombe cha bati. Waseme. Jeraha la nyonga lilifunga na chembe za mchanga ule ndani, zinaonekana nyeusi chini ya ngozi. Mganga wa zahanati alitaka kuzitoa, nikavuta suruali juu. Kama humo kuna dhahabu, haichimbwi.