Nilimuzibia Mama Fifi matundu ya hewa kwa sababu ya nguruwe

Bantu ya Mungu, makosa iko yangu. Naisema mbele kusudi musimutafute mwingine: kwa hii mikono yangu mbili nilimufungia mama mumoja hewa. Halafu nikasema uongo. Mutanitukana kisha kumaliza, musinikate maneno.

Mimi niko muzee wa Katuba. Masomo niliachia mwaka wa ine, mwalimu alichoka na miye. Lakini hewa, ee, hewa naijua kupita bantu ya masomo! Miaka mingi nilitumika chini ya udongo, mu mine ya kuchimba mabwe kule Kambove, kazi yangu kuchunga mashini ya kupuliza hewa. Kisha kupasua mabwe na baruti, moshi ya sumu inabakia, hakuna muntu aliingiaka mpaka miye niseme "ingieni". Hata muzungu mukubwa alikuwa ananingojea, na tumbo yake ile... basi, tumuache.

Mu lupango yangu, ni kusema kiwanja na nyumba, niko na chumba moja ya kupangisha. Mule alikuwa anakaa Mama Fifi, fundi wa kushona, na Fifi mutoto wake wa miaka tano. Fifi alikuwa ananiita kambo, sawa vile mutoto anaitaka babu yake. Chumba haikuwa na dirisha, matundu ine tu kule juu, karibu na manjanja, mabati ya paa. Ngambo ya ile ukuta njo nililalisha nguruwe yangu, moja munene, jina yake Ministre. Nilikuwa naipenda mpaka bibi yangu alisikia wivu.

Siku moja Mama Fifi akakuja:

— Papa, harufu ya Ministre inaingia mpaka mu bukari, ugali tunakula!

— Mama, hapa ni Katuba, ulitaka isikilike harufu ya ubani?

— Papa, niko na haki ya kuvuta hewa muzuri. Hamisha nguruwe.

Haki! Ile neno iliniuma. Nikamujibu: "Kesho hautasikia harufu tena." Nikakoroga simenti, nikaziba matundu yote ine. Harufu ikakatika! Juma muzima nilitembea kifua mbele. Nikamuambia bibi:

— Unaona akili?

— Akili naona. Na hewa itapita wapi?

Bibi anaongeaka mingi.

Mwezi wa sita baridi ikaingia, munaijua, ile ya kupenya mu mifupa. Mama Fifi akaingiza mu chumba mbabula, jiko ya makala, ya makaa, sawa vile tunafanyaka bote. Asubuhi, bantu ya kushonesha nguo bakakuja, mulango haifunguke. Tukagonga. Tukaita. Tukavunja. Mama alikuwa chini, karibu na mulango. Fifi ku kitanda, amelegea sawa kitambaa ya kulowana.

Nikamubeba Fifi inje mbio, majirani bakamutosha mama yake. Kichwa yangu ilijua palepale! Ile sura ya muntu mwenye kukosa hewa niliishaona chini ya mine.

Mu upepo Fifi akakohoa, akatapika, akalia. Hakuna muziki nilishaka kusikia ya kupita ile kilio!

Sasa hapa njo zambi yenyewe. Kwa munganga wa hospitali, banauliza: "Mu chumba muko hewa?" Mama Fifi alikuwa bado hawezi kusema. Nikaruka miye: "Hewa mingi sana! Ni samaki ya jana, ilikuwa imeoza." Bakapewa dawa ya tumbo, bakarudi nyumbani.

Mu njia, Fifi akanivuta mukono:

— Kambo, samaki gani? Jana tulikula sombe, majani ya muhogo.

Nikajifanya kiziwi.

Tukafika. Bibi yangu, na huruma yake, namuona anavuka lupango na mbabula, makala nyekundu, anaipeleka mu chumba kusudi bagonjwa bapate moto.

— Simama! Utabaua!

Nikakamata nyundo, nikapanda ku ukuta ya Ministre, nikaanza kupiga ile simenti. Moja, mbili... ya tatu mugulu ikateleza. Nikaanguka mu matope ya nguruwe, majirani bote banaangalia. Bengine balitubu mbele ya padri. Miye nilitubia mule, nikasema yote, simenti na samaki, Ministre ananinusa shikio.

Chef wa quartier, mukubwa wa mutaa, akaitwa. Akasema: "Muntu anapanga chumba na hewa yake. Nguruwe itoke leo. Dirisha juma hii." Kisha akauliza, pole pole: "Papa, kule Kambove ulikuwa na kazi gani?"

Ee, Mungu wangu! Nikainama kupangusa matope ku suruali.

Dirisha nilitoboa, kubwa, muzuri. Lakini Mama Fifi akafunga mizigo, akaenda kwa dada yake kule Ruashi. "Nimekusamehe, Papa. Lakini hapa usingizi haitakuja tena." Fifi alipanda motokari bila kuniangalia. Hakuna muntu ananiita kambo tena mu hii lupango.

Benye nyumba, lokatere, ule mupangaji wako, akilia hewa, usimujibu na simenti! Na ninyi balokatere: mbabula ibakie inje, na mbele ya kuingiza mizigo muangalie ukuta. Ukiona matundu imezibwa, uliza na sauti. Uliza hata kama mwenye nyumba iko muzee wa mvi, ananena muzuri, anakuchekea. Sana sana huyo! Siye bazee tunadanganyaka bila kukohoa.