Kibubu Chini ya Kitanda cha Jirani

Kila mwisho wa mwezi Temeke ilikuwa na harufu yake. Ilianza saa kumi jioni, zamu ya asubuhi ilipotoka viwandani: maini yakikaangwa, mishikaki ikidondosha mafuta kwenye mkaa, samaki wa kupaka katika nyumba za wenyeji. Nyumba yetu ilinuka dagaa. Tarehe mosi dagaa, katikati ya mwezi dagaa, na siku ya mshahara dagaa vilevile, pamoja na mchicha. Nikiwa mtoto niliona aibu. Leo nina stashahada ya maabara, nimefanya kazi Botswana miaka ishirini na miwili, nimerudi nimejenga nyumba ya vyumba sita hapa Kipawa bila kukopa hata mfuko mmoja wa saruji, na wanaoniuliza siri yake nawajibu: dagaa. Wanadhani natania.

Mama yangu alifanya kazi kiwanda cha nguo. Baba alikuwa mchongaji wa vinyago vya mpingo, mtu wa Newala, na fedha yake ilikuja kama mvua ya vuli: leo inanyesha, kesho ni wingu tupu. Tulichotegemea ni bahasha ya kaki ya mama, iliyonuka pamba na grisi. Bahasha hiyo haikufunguliwa nyumbani. Mama aliifungulia kwa jirani yetu, Bi Sikudhani, Mzaramo wa hapo hapo Temeke na mwenzake wa kiwandani, kabla hajavua hata viatu. Huko, chini ya kitanda cha Bi Sikudhani, ndiko kilikokaa kibubu chetu. Na kibubu chake kilikaa chini ya kitanda chetu. Vyote viwili alivichonga baba kutoka gogo moja la mninga, vikafanana kama mapacha: vimezibwa pande zote, havina mlango wala bawaba, vina tundu jembamba tu la kupitishia fedha. Kukifungua, sharti shoka. Katika kila shilingi kumi, moja iliingia humo kwanza, kabla ya unga, kabla ya mafuta ya taa, kabla ya kodi. Shuleni tulifundishwa kwamba haba na haba hujaza kibaba. Wanawake wale wawili waliongeza kwamba kibaba chenyewe kikae kwa mtu mwingine.

"Mwizi wako wa kwanza ni mkono wako," Bi Sikudhani alizoea kusema. "Changu kikiwa kwangu, siku mwanangu akililia kitumbua nakipasua. Kikiwa kwa Mama Tekla nitaanzia wapi? Naogopa tindo za Wamakonde."

"Na changu usikichezee ngoma huko," mama alimjibu, na wote wawili wakacheka mpaka kanga zikalegea.

Mimi nilijua mpango huo kwa sababu nilifuatana na mama kila siku ya mshahara na kuisikia shilingi ikigonga wenzake ndani. Baba hakuambiwa, na saa za kutumbukiza kwa kawaida hakuwepo nyumbani. Hakuwa mlevi wala mkorofi, ila alikuwa mtu wa kuuona mti na kuupenda, na mama aliona kuwa mtu wa namna hiyo hapaswi kujua fedha inalala wapi.

Mwaka niliomaliza darasa la saba nilichaguliwa kwenda sekondari ya bweni. Darasani kwetu tulichaguliwa wasichana wawili tu, na mimi ndiye niliyekuwa na alama za juu; sisemi kwa kujisifu, daftari za mwalimu zilisema hivyo. Nauli ilitoka serikalini. Vingine vyote vilikuwa juu yetu: sanduku la bati lenye kufuli, blanketi, viatu vyeusi. Mama alisema kibubu chetu kina uzito wa kutosha. Sanduku lenyewe nilikwisha kulichagua, la kijani lenye maua mekundu, na kila nilipopita dukani nililigusa ili wengine wasidhani halina mwenyewe. Kibubu cha Bi Sikudhani kilikuwa cha kununulia mabati. Paa lake la makuti lilikuwa limechoka, na mvua zilipokuja alilala na sufuria tatu kitandani.

Kabla ya masika likaja lori kutoka kusini likiwa na magogo ya mpingo, likasimama njia ya Pugu. Mwenye lori alikuwa na haraka, akauza rahisi. Baba alirudi nyumbani mchana, mama akiwa kazini, akainama chini ya kitanda na kutoka na kibubu. Nilikuwa mlangoni nachambua mchele. Alikipasua kwa pigo moja, kama mtu anayeujua mti wake.

"Usimwambie mama yako," aliniambia. "Mwezi haujaisha nitakuwa nimekirudisha kimejaa."

Ningeweza kusema maneno mawili tu: si chetu. Nilikuwa na miaka kumi na minne na akili yangu ilikwenda mbio, kama ilivyokwenda siku zote. Iliniambia kwamba sanduku langu la kijani liko salama chini ya kitanda cha Bi Sikudhani. Nikanyamaza. Nikamwokotea hata sumni moja iliyobingirika hadi kwenye ungo wangu.

Magogo yale, baba alipoyakata, yalikuwa yameoza moyo. Mpingo ndivyo ulivyo, nje chuma, ndani pango, na mchongaji wa miaka yote ile alijua kwamba gogo hugongwa kwanza na kusikilizwa. Siku ile bei ilimziba masikio. Mwisho wa mwezi ukafika, Bi Sikudhani akaja na bahasha yake, akakaa kitandani kwetu, akanyoosha mkono chini kama kawaida yake.

"Mama Tekla, umekihamishia wapi?"

Mama akapiga magoti akatazama. Kisha akamtazama baba.

"Kile?" baba akasema. "Kile si chetu?"

Bi Sikudhani alishuka kitandani akakaa sakafuni, mikono kichwani. Mama akanigeukia mimi. "Tekla, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, mama."

"Na ulijua ni cha nani?"

Nilitazama chini ya kitanda, pale palipobaki patupu, na hilo lilimtosha. Ningepigwa ingekuwa nafuu. Alisema tu, "Nenda kalete chetu." Nilivuka uwanja nikakivuta kutoka chini ya kitanda cha jirani, nikakibeba kifuani, kizito kama mtoto wa mwaka. Bi Sikudhani alipoelewa alisimama. "Aa, mwenzangu, hapana. Mtoto anakwenda shule."

"Mtoto atakwenda," mama alisema. "Sanduku ndilo haliendi." Akanipa shoka mimi. "Pasua."

Nilipasua. Baba alisimama ukutani akitazama kazi ya mikono yake ikivunjwa mara ya pili, safari hii na mwanawe, na nadhani hapo ndipo alipoadhibiwa. Mabati yakanunuliwa, na mvua ya kwanza ya masika ilipopiga juu ya paa la Bi Sikudhani, mtaa mzima ulisikia. Mimi nilikwenda shule na sanduku ambalo baba alinitengenezea kwa mbao za makasha ya chai, na viatu vya mama vya kiwandani vilivyojazwa matambara kwenye vidole. Bwenini wasichana waliliita jeneza. "Tekla, maiti yako imeamka?" waliniuliza kila asubuhi. Kidato cha nne jeneza lile lilirudi Temeke na cheti ambacho wenye masanduku ya maua wengi hawakukipata.

Siku hizi mshahara huingia kwenye simu na kutokea humo humo, hata harufu hauachi. Wapwa zangu wanalipwa kwa mwezi mmoja zaidi ya alivyolipwa mama kwa miaka, na tarehe ishirini wananipigia: "Shikamoo shangazi, tumekwama." Nawaambia moja katika kumi, na iingie kwanza. Wanasema maisha yamepanda. Maisha yalikuwa yamepanda hata wakati tunapanga foleni ya sukari. Fedha zangu nyingi ziko benki, sikatai. Lakini nilipofunga mzigo kurudi nyumbani, kitu cha kwanza nilichoagiza, kabla ya saruji, ni vibubu viwili vya mninga visivyo na mlango. Kimoja kiko Temeke kwa Mwajuma, binti wa Bi Sikudhani, chini ya mabati ambayo sasa yameota kutu. Cha Mwajuma kiko kwangu. Kila mwisho wa mwezi anakuja, anatumbukiza, tunakula dagaa, anaondoka. Nina vyumba sita na cheti ukutani, na kila mgeni namwonyesha. Kibubu simwonyeshi mtu. Nafagia chini ya kitanda, nakisogeza, nakirudisha mahali pake, na sijawahi kukitikisa nisikie kina nini.