Hatua ya Nne Haikatwi

Siku yangu ya kwanza kazini nilichelewa kwa sababu ya feri, na sababu hiyo hakuna mkubwa wa kisiwani aliyewahi kuikubali. Nilivuka kutoka Likoni na koti jeupe ambalo mama alilipiga pasi alfajiri, nikafika likiwa makunyanzi matupu. Mkuu wa Maabara, mtu wa bara aliyejifunza Kiswahili chake kwa kuamrisha, alikuwa amesimama mlangoni. Hakuniuliza jina. Alinionyesha safu ya vichupa vya damu.

"Unaona nini?"

"Damu, bwana."

"Ya nani?"

"Sijui."

"Basi hujaona kitu. Damu yote ni nyekundu, binti. Lebo ndiyo inayoitenganisha."

Nilidhani ni maneno ya mkubwa anayependa kusikia sauti yake. Kumbe ndiyo kazi yote, na nitawaeleza nyinyi mnaoingia maabara leo, mkiwa na subira ya kunisikiliza, jambo ambalo sina hakika nalo.

Watu hudhani kazi yetu ni sindano. Sindano ni jambo dogo. Ukimfunga mgonjwa mpira mkononi, mshipa ukajitokeza, ukaupapasa kwa kidole kabla ya kuutazama kwa jicho, umemaliza. Kubwa ni sampuli, yaani kile kidogo cha mwili kinachokwenda kupimwa: damu, mkojo, makohozi. Sampuli ikishatoka kwa mwenyewe haina sura wala sauti. Haiwezi kukwambia umekosea. Na Mombasa, jamani, ni mji wa majina yaleyale. Ukiita "Fatma Mohamed" barazani mwa hospitali wanainuka watatu, na wa nne anaitika kwa adabu tu, kwa sababu mtu mzima hakulelewa kunyamaza anapoitwa.

Hapo ndipo nilipokosea, na siwezi kusema mkono ulikuwa wa mwingine. Asubuhi moja niliita Fatma Mohamed, akaja mama mmoja wa makamo. Nikamuuliza, "Wewe ndiwe Fatma Mohamed Ali?" Akasema, "Naam." Angesema naam hata ningemwita malkia, maana alikuwa hasikii vizuri na aliogopa kupoteza zamu. Fatma Mohamed Ali mwingine alikuja baada yake. Damu za wawili hao nikazibandika lebo baadaye, mezani, wenyewe wakiwa wamekwisha kwenda. Yule mzima akaambiwa ana sukari, akapewa dawa, akaanguka jikoni kwake sufuria ikiwa motoni. Mwenye sukari hasa akaambiwa hana neno, akarudi nyumbani kula halua yake kwa raha. Aliporudi kwetu alirudi na kidonda cha mguu, na mguu haukupona. Ulikatwa. Alinijua, na kila nilipompita wodini aliniombea dua, kwa kuwa hakuna aliyemwambia. Mimi pia sikumwambia. Nimeomba msamaha kwa Mungu, lakini kwake yeye sikuomba, na hilo halijaniacha.

Tangu hapo nikajiwekea hatua nne. Ya kwanza, usimtajie mgonjwa jina lake. Mwache alitaje mwenyewe, pamoja na jina la mama yake, kwa kuwa Fatma Mohamed ni wengi lakini waliozaliwa na Mwanamkuu Bakari si wengi. Ya pili, toa damu. Ya tatu, andika lebo papo hapo, mbele ya macho yake, kabla hajainuka kitini. Ya nne, mpe aishike chupa yake ikiwa imefungwa, aisome au asomewe, aseme "Ndimi," kisha aitie kwenye trei kwa mkono wake mwenyewe. Hatua tatu za kwanza ni zetu sisi wahudumu. Ya nne ni ya mgonjwa, na ndiyo inayotukamata tukikosea.

Mkuu wa Maabara alisimama nyuma yangu asubuhi nzima akitazama.

"Nani amekufundisha hii?"

"Fatma Mohamed," nikamjibu. "Wote wawili."

Kesho yake maabara nzima ilikuwa ikifanya hivyo. Nilipohamishiwa zahanati ya karibu na Mwembe Tayari, ambako abiria wa mabasi ya bara hushuka na homa na mizigo pamoja, nikaenda nao utaratibu wangu. Daktari Mfawidhi wa pale, yaani msimamizi wa zahanati, alinung'unika wiki moja, kisha akaanza kuwafunza wauguzi.

Balaa lilinipata nilipoacha kazi ya serikali nikaingia maabara ya kibinafsi, kichochoro kimoja kutoka barabara ya Ndia Kuu. Meneja alikuwa kijana nadhifu, na utaratibu wangu aliupenda mno. Aliuchapisha kwa rangi, akautundika ukutani. Nikasogea kuusoma kwa fahari. Hatua zilikuwa tatu.

"Meneja, ya nne i wapi?"

"Bi Mwanaidi, hapa watu huja na haraka zao. Hiyo tumeipumzisha kidogo."

"Kupumzika? Kwani ilichoka?"

"Lebo siku hizi inatoka kwenye kompyuta, bi. Kompyuta haikosei."

"Na anayeilisha hiyo kompyuta, yeye hakosei?"

Akacheka, akanipigapiga begani kama mtu anayembembeleza ng'ombe. Siku ile nilitamani kulia kwa hasira. Ningevumilia kuibiwa kitu changu kikiwa kizima. Kuibiwa, kisha kukatiwa kiungo kilekile kinachookoa watu, hilo lilinishinda. Nikaapa kwamba nitatafuta karatasi ya serikali itakayosema: utaratibu huu ni wa Mwanaidi, na asiyeufuata wote asiufuate kabisa.

Karatasi hiyo inaitwa hataza. Tafadhalini msiichanganye na hakimiliki, kama kila mtu aliyenishauri bila kuombwa. Hakimiliki hulinda maneno uliyoyaandika. Ningeandika kijitabu, mtu asingeruhusiwa kukinakili, lakini kuyafanya yaliyomo, na kuyafanya nusunusu, angeruhusiwa. Hataza hulinda uvumbuzi wenyewe, ukikubaliwa kuwa ni uvumbuzi. Mlima wote uko hapo.

Nikaenda kwa wakili mmoja mzee wa Mji wa Kale, mwenye ofisi juu ya duka la vitambaa. Tulisalimiana mpaka kahawa ikapoa, ndipo akasikiliza.

"Bi Mwanaidi, sheria hino yataka kitu, au njia ya kufanyiza kitu. Wewe waniletea mpango wa watu kukaa na kuinuka."

"Na watu si kitu?"

"Kwa sheria hino, la."

Lakini hakunifukuza. Alisema huenda tukipata kifaa, utaratibu utaingia ukiwa umekishika mkono. Basi nikaenda kwa fundi seremala, akanichongea trei ya mbao ya mbambakofi, ina matundu ya chupa, na mbele ya kila tundu mwanya wa kadi ya mgonjwa. Ilipendeza kweli. Wakili akaandika madai, na dai katika lugha yao ni sentensi moja ndefu isiyopumua inayosema mpaka wa mali yako ni upi. Alinisomea, nikamwambia sijaelewa hata neno. Akasema, "Vizuri, ndivyo yatakiwavyo."

Maombi yakaenda Nairobi. Nikangoja, nikaitwa nijaze fomu iliyokuwa imejazwa, nikangoja tena. Jibu la mkaguzi lilipokuja, wakili alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Haya. Yuwasema trei yenye matundu ni jambo la zamani, hata wauza mayai wanayo. Na hatua zako nne ni mpango wa kuendesha shughuli, tena shughuli ya kumpima mwanadamu, na hayo mawili sheria imeyatoa nje. Kwa ufupi, mama, kilicho kitu si kipya, na kilicho kipya si kitu."

Nilipiga meza. Nikamuuliza ni sheria gani hii inayoona tundu la mbao lakini haioni mguu wa mtu.

"Nami nitakuuliza," akasema taratibu. "Lau mtu angeweza kumiliki njia ya kumuuliza mgonjwa jina, zahanati ngapi zingekwenda kuomba ruhusa ndipo ziulize?"

Swali hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Mzee alisema kweli. Nilikuwa nimekwenda kutafuta kufuli kwa mlango niliotaka kila mtu aupite.

Meneja alipopata habari alifurahi. "Basi ni mali ya umma, Bi Mwanaidi. Na mimi ni umma." Nikarudi kwenye kiti changu. Kwenye kiti hicho, mpaka siku ya kustaafu, hatua zilikuwa nne. Foleni yangu ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko zote, nikaitwa ofisini mara zisizohesabika, na kila mgonjwa aliyekaa mbele yangu alishika chupa yake akasema "Ndimi." Waliouliza sababu niliwaambia. Wasiouliza niliwaambia pia.

Trei ya mbambakofi ninayo nyumbani. Naiwekea mayai. Mkaguzi alisema kweli.

Juzi daktari alitaka damu yangu ipimwe, nikapelekwa maabara ileile ya kichochoroni. Bango la hatua tatu bado liko, limepauka. Mhudumu alikuwa binti mwepesi, simu mfukoni ikitetema. Mbele yangu alikaa mwanamke wa buibui ambaye sijapata kumwona maishani. Damu ikatolewa, lebo ikabandikwa, na binti akanyoosha mkono kuitia chupa kwenye trei.

"Ngoja, mwanangu," akasema yule mwanamke. "Nipa chupa yangu niisome."

"Si lazima, mama. Imetoka kwenye kompyuta."

"Mimi siinuki hapa mpaka niishike."

Binti akampa huku akivuta midomo. Mwanamke akaisogeza karibu na macho, akaisoma, akasema, "Ndimi," akaitia mwenyewe.

Sikuweza kujizuia. Nikamuuliza, "Dada, nani amekufunza hayo?"

Akanitazama kama niliyeuliza nani amemfunza kunawa. "Hakuna aliyenifunza. Damu hutolewa hivyo."

Hakuna aliyenifunza! Nilifungua mdomo nimweleze yote, Mkuu wa Maabara, wakili, Nairobi, seremala. Nikaufunga. Alikuwa amekwishainuka, na zamu ilikuwa yangu.

Nilitaja jina langu na la mama yangu. Sindano ikaingia, ikatoka, lebo ikabandikwa. Binti alikuwa tayari ameigeukia trei.

"Binti," nikamwambia, "chupa yangu."

Akashusha pumzi kama mtu aliyechoshwa na wazee wa mji huu, akaniwekea kiganjani. Ilikuwa bado ina joto. Nikavaa miwani, nikasoma herufi moja moja bila haraka, na foleni nyuma yangu ikingoja.

"Ndimi," nikasema.